Dirisha la Masijala: Bibi Karani, kwa nini hatuna mahakama ya bunduki?

Katika ukurasa huu, karani mstaafu wa mahakama za Dar es Salaam anajibu barua za wasomaji. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo Bibi Karani. Mimi ni wakala wa fedha huku Mbagala Rangi Tatu. Mwaka jana, saa mbili kasoro usiku, nikiwa nafunga hesabu, walikuja vijana wawili na pikipiki. Mmoja alibaki juu ya pikipiki, mwenzake akaingia na bastola. Akapiga risasi moja juu, bati limetoboka mpaka leo. Akakomba pesa zote za droo, shilingi milioni mbili na laki nne, pamoja na simu tatu za kazi. Baada ya wiki chache polisi waliwakamata, na nasikia bastola nayo ilipatikana. Nikashukuru Mungu, nikajua yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kila nikienda mahakamani kesi inapigwa kalenda. Mara upelelezi haujakamilika, mara hakimu yuko semina, mara mshtakiwa wa pili hakuletwa, mara jalada liko kwa wakili wa serikali. Siku hiyo nafunga kibanda, nakosa kamisheni, halafu nakaa benchi moja na ndugu wa washtakiwa wananikodolea macho. Shemeji yangu aliwahi kufanya kazi melini, anasema Jamaica kuna mahakama ya bunduki peke yake, haichanganyi kesi hizo na za mirathi wala za wizi wa kuku. Kwa nini na sisi tusiidai?
Wakala, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Risasi ikipita juu ya kichwa haitoki masikioni upesi, hata kama kilichotoboka ni bati.

Shemeji yako hakukudanganya. Jamaica walitunga Sheria ya Mahakama ya Bunduki mwaka 1974, Michael Manley akiwa waziri mkuu, baada ya mauaji ya risasi kuutikisa mji wa Kingston. Waliiweka barabara ya South Camp, mahakama na mahabusu ndani ya ua mmoja, seng'enge za miba pande zote, kuta zimepakwa rangi nyekundu ili mpita njia aogope. Dhamana haikuwepo. Raia na waandishi wa habari hawaingii. Ukikutwa na bunduki bila kibali, au hata risasi tu mfukoni, adhabu ilikuwa kifungo kisicho na tarehe ya kutoka: unakaa ndani mpaka bodi maalumu ipendekeze uachiwe. Najua ukisoma hivyo unasema moyoni, hii ndiyo dawa ya yule kijana.

Wafungwa wakakata rufaa mpaka London, kwenye Baraza la Faragha la Malkia, maana huko ndiko rufaa za Jamaica zilikokuwa zikiishia. Kesi hiyo inaitwa Hinds, na iliamuliwa Desemba 1975. Majaji wakasema mahakimu wa ngazi ya chini wamepewa madaraka ambayo katiba imewawekea majaji wa Mahakama Kuu yao, kwa kubadilisha kibao cha mlangoni tu. Wakasema pia urefu wa kifungo hupangwa na mahakama, bodi haina kazi hiyo. Suala la kusikiliza kesi milango ikiwa imefungwa waliliacha lipite. Baadaye wakaweka kifungo cha maisha cha lazima, nacho kikaondolewa mwaka 1983. Mahakama yenyewe bado ipo, na Montego Bay wana tawi lake.

Na bunduki je? Nchi ile ina watu wasiofika milioni 3. Mwaka 1980 waliuawa watu 889. Mwaka 2005 waliuawa 1,674. Sisemi mahakama ndiyo iliyowaua. 1980 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa damu, na sababu nyingine ziko nyingi. Nasema tu kwamba wenye bunduki hawakutishwa na rangi ya ukuta.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa kuna jambo ambalo hata mawakili wachanga niliowahudumia dirishani hawakuwa nalo kichwani. Kesi za bunduki Tanzania zina njia yake ya pekee, na njia hiyo ni ya zamani. Mwaka 1983, Sokoine alipokuwa akiwasaka wahujumu uchumi, liliundwa baraza maalumu la kuwahukumu, na mawakili hawakuruhusiwa kuwatetea humo. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984, ikazirudisha kesi hizo Mahakama Kuu. Katika jedwali la makosa la sheria hiyo imo pia silaha isiyo na kibali. Ndiyo, bastola iliyofichwa chini ya godoro kule Tandika iko jedwali moja na meno ya tembo. Tulipopata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, jambo hilo halikubadilika.

Kwa kesi yako maana yake ni hii. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa la kuchukua pesa zako kwa vitisho, husikilizwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi bila kuomba ruhusa popote. Lakini bastola ikishapatikana na kuandikwa kwenye hati ya mashtaka kama kosa la pili, hilo la pili ni la uhujumu uchumi. Mahakama yake ni Mahakama Kuu. Ili hakimu wa chini alisikilize, Mkurugenzi wa Mashtaka lazima atoe kibali cha kushtaki, kisha hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Hati zenyewe ni za aina mbili: moja kwa kesi yenye makosa ya uhujumu matupu, nyingine kwa kesi iliyochanganya uhujumu na kosa la kawaida, kama yako. Ukizitazama haraka huoni tofauti.

Mahakama ya Rufani imefuta kesi nyingi kwa sababu ya karatasi hizo mbili. Mashahidi wameshasema, hakimu ameshahukumu, mtu ameshakaa Ukonga miaka mingi, halafu majaji watatu wanafungua jalada na kukuta hati iliyotumika ni ile nyingine, au kibali hakimo kabisa. Mwenendo wote unafutwa kama haukuwahi kuwepo. Baada ya hapo ama kesi inaanza upya, na wewe unaitwa tena ukiwa umeshasahau hata rangi ya shati la mtu, ama mshtakiwa anaachiwa kwa kuwa ameshatumikia muda mrefu.

Kwa hiyo nisikufiche. Umaalumu tunao, na huo umaalumu wenyewe ndio unaoangusha kesi. Kila mlango wa pekee unaoongeza una ufunguo wake, na kila ufunguo kuna siku mtu atausahau nyumbani. Anayedai mahakama mpya ya bunduki anaomba mlango mwingine.

Nikupe kisa kimoja, mahakama siitaji. Ililetwa bastola kama kielelezo, ndani ya bahasha ya kaki, kamba nyekundu, namba ya jalada juu. Mimi ndiye niliyeipokea na kuiandika kwenye rejista ya vielelezo. Kwenye hati ya ukamataji, ile inayosainiwa palepale mbele ya mjumbe, namba ya bastola iliishia na 7. Kwenye ripoti ya mtaalamu wa silaha iliishia na 1. Huenda aliyeandika usiku ule kwa mwanga wa tochi hakuinua kalamu vizuri. Wakili wa utetezi aliliona siku ya kwanza, nikamwona analiona, akanyamaza. Alingoja mpaka mashahidi wote wa serikali wamalize, ndipo akasimama na kuuliza kwa upole kabisa: mheshimiwa, bastola ipi tunayoizungumzia? Kosa la silaha likafa siku ile. Sasa niambie, mahakama ya bunduki ingesaidia nini hapo? Hakimu alikuwa makini, jengo lilikuwa zuri, feni zilikuwa zinafanya kazi. Kesi iliharibika chini ya mwembe, usiku, miezi mingi kabla ya kufika kwetu.

Mawakili wanaita mnyororo wa utunzaji: nani aliishika bunduki, akampa nani, saa ngapi, ikalala wapi. Tangu kesi ya Paulo Maduka, rufaa ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani inataka safari hiyo iwe na maandishi. Ukisikia "upelelezi haujakamilika" kwenye kesi yenye risasi, mara nyingi kinachongojwa ni ripoti ya wataalamu wa polisi walioilinganisha bastola na ganda la risasi lililookotwa, au jalada lililokwenda kutafuta kibali na halijarudi. Hakimu hana la kufanya ila kupanga tarehe nyingine. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, mtu asipelekwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, na wengi tulipiga makofi. Ila makosa makubwa yakaachwa nje ya mabadiliko hayo, na la kwako ni kubwa.

Kuna jambo jingine, na hili ni la jijini kwetu hasa. Mwaka 2022 watu wa Dar walipokuwa wanaingia ndani na jua, hawakuwa wanaogopa bastola. Walikuwa wanaogopa panya road, watoto wa watu wenye mapanga na nondo. Mahakama ya bunduki ingewaacha hao wote nje ya mlango. Sheria yetu ya unyang'anyi wa kutumia silaha haibagui: panga ni silaha, kisu ni silaha, nondo ni silaha, na ukitiwa hatiani adhabu haishuki chini ya miaka 30. Mtu aliyekatwa panga Buguruni na wewe uliyetobolewa bati Mbagala mnastahili kusikilizwa kwa kasi moja. Ukitenga foleni kwa aina ya chuma utakuwa umempa mmoja wenu kiti na mwenzake umemwambia asimame.

Nisikuache na "haiwezekani" peke yake. Providence, mji wa jimbo la Rhode Island huko Marekani, ulianzisha mahakama ya bunduki mwaka 1994. Hawakupaka rangi ukuta. Walichukua jaji mmoja, wakamkabidhi kesi zote za bunduki na kalenda yake mwenyewe, na wastani wa kumaliza kesi ukashuka kutoka siku 518 hadi 126. Afrika Kusini nao, kwa Kombe la Dunia la 2010, walitenga mahakama 56 za kushughulikia uhalifu wa msimu ule, wakaweka waendesha mashtaka na wakalimani tayari hadi usiku. Majambazi waliowaibia waandishi wa habari wa kigeni kwa silaha walihukumiwa miaka 15 ndani ya siku chache. Kosa lilikuwa lilelile la siku zote. Kilichobadilika ni kwamba polisi, mwendesha mashtaka, shahidi na hakimu walikuwa mahali pamoja siku moja. (Walikuwa wanawafurahisha wageni, najua. Lakini iliwezekana.)

Na hapa kwetu tunajua kutenga. Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ipo tangu 1999, ya Ardhi ikafuata, ya Kazi ikafuata. Ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, ambayo mtaani waliibatiza Mahakama ya Mafisadi, ilianza 2016 kwa kishindo, na miezi ya mwanzo gumzo likawa kwamba haina kesi. Ninayoipenda ni ile ya Temeke, kituo cha masuala ya familia cha mwaka 2021. Mjane anaingia na shauri la mirathi anakuta mahakama, watu wa ustawi wa jamii na msaada wa kisheria ndani ya jengo moja. Sheria ya mirathi haikuguswa. Walichogusa ni mpangilio wa vyumba.

Mimi ningekuwa na sauti ningeomba kitu cha bei rahisi. Kesi za mauaji Mahakama Kuu husikilizwa kwa vikao: mashahidi wote huitwa, kesi inakwenda siku baada ya siku mpaka inaisha. Leteni mtindo huo kwenye unyang'anyi wa silaha, Kisutu, Kinondoni, Temeke, kote. Hakimu mmoja asipangiwe kingine wiki hiyo. Wakili wa serikali mmoja aishike kesi tangu bastola inapokamatwa, ili namba ya 7 na ya 1 agombane nazo yeye mapema kabla ya wakili wa utetezi. Na kosa la kupatikana na bunduki moja litolewe kwenye jedwali la uhujumu, hakimu alisikilize kama anavyosikiliza unyang'anyi. Libaki humo kwa wafanyabiashara wa silaha, wanaozivusha kwa makasha. Hilo la mwisho wapo watakaonipinga, na wanipinge, lakini waje na hesabu ya kesi zilizofutwa kwa ajili ya hati.

Usinichukie kwa nitakalosema sasa. Wale vijana wawili nao wanangoja. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Dickson Sanga, ilisema zuio hilo halivunji katiba. Kama ndio wenyewe, wacha wakae. Kama mmoja wao siye, kila kalenda inayopigwa anailala Segerea au Keko. Ndugu zao wanaokukodolea macho wanahesabu tarehe zilezile unazozihesabu wewe.

Haya, na wewe ufanye nini? Acha kwenda tarehe za kutajwa. Hizo ni za kupanga tarehe nyingine tu, shahidi hahitajiki. Nenda utakapopewa hati ya wito ya kutoa ushahidi, na siku hiyo uliza kuhusu posho ya shahidi, usione haya. Huyo mpelelezi wako mpigie simu siku moja kabla. Ukiwa na wasiwasi na wanaokutazama mwambie wakili wa serikali kabla hujaingia ndani. Tuna sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi tangu 2015, na hata bila sheria anaweza kukutafutia pa kukaa mbali na hilo benchi.

Siku ukisimama kizimbani utaulizwa mambo ambayo yataonekana ya kijinga. Taa ilikuwa ya aina gani, inaning'inia wapi, ina mwanga kiasi gani? Alisimama mbali na wewe kiasi gani? Ulimtazama kwa muda gani? Ulimjua kabla? Hayo yanatoka kwenye kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, na hakuna hakimu wa nchi hii atakayemfunga mtu aliyetambuliwa usiku bila kuyapitia. Nenda kibandani kwako jioni, simama pale uliposimama, ukumbushe macho. Na kama usiku uleule ulimweleza mtu wa kwanza aliyekukimbilia sura ya yule kijana, au jina lake, liseme hilo, na huyo mtu aitwe. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita ilisema shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika. Kama hukumwona vizuri, sema hukumwona vizuri. Bastola, ganda na simu zako tatu zinaweza kusema zenyewe, ukiziacha.

SWALI: Shikamoo bibi. Baba yetu alifariki, tumekuta shotigani yake stoo, huku Kigamboni. Kitabu cha leseni kipo. Kaka mkubwa anasema ni yake sasa kwa kuwa ndiye msimamizi wa mirathi. Ni kweli?
Binti wa marehemu, Kigamboni

JIBU: Marahaba, poleni na msiba. Si kweli. Shamba linarithiwa, nyumba inarithiwa. Leseni ya bunduki alipewa baba yenu kama mtu, na imekwisha naye. Kaka yako akibaki nayo stoo, hata kwa nia njema, ana silaha asiyo na kibali chake, na umesoma hapo juu inakoangukia. Aipeleke kituo cha polisi pamoja na kitabu cha leseni, cheti cha kifo na barua ya usimamizi, aandikiwe risiti ya kuikabidhi. Akiitaka, aombe leseni yake tangu mwanzo, kuanzia serikali ya mtaa. Risasi nazo msizisahau. Watu hupeleka bunduki wakaacha kopo la risasi juu ya kabati. Na msiibebe kwenye daladala wala kwenye kivuko. Piga simu kituoni, waje waichukue.

SWALI: Bibi Karani shikamoo. Nimesikia watu redioni wanataka mahakama maalumu ya majambazi wa silaha. Nina hofu. Mwanangu ana miaka 17, aliacha shule akawa anaendesha bodaboda ya mjomba wake. Alikodiwa na watu wawili kutoka Manzese kwenda Mabibo na kurudi. Kumbe wale walikwenda kupora dukani na bastola, yeye akiwa nje anawangoja. Amekamatwa nao, yuko Segerea na watu wazima. Hiyo mahakama mpya ingemsaidia au ingemmaliza?
Mama, Manzese

JIBU: Marahaba mama. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja.

Mahakama ya aina ya Jamaica ya 1974 ingemmeza. Sheria zenye haraka na adhabu moja kwa wote haziwezi kumtenganisha aliyeshika bastola na aliyeshika usukani wa pikipiki. Na hata kwenye sheria zetu za kawaida asidhani "mimi nilikuwa dereva tu" ni jibu linalojitosheleza. Kuna kinachoitwa nia ya pamoja: ukiwa ulijua wanakwenda kufanya nini na ukawangoja uwakimbize, kosa lao ni lako. Kila kitu kinaangukia kwenye alichokijua. Nani alimpigia simu kumkodi? Walipatana nauli kiasi gani, ya kawaida au ya kushangaza? Alizima pikipiki au aliiacha inaunguruma? Walipotoka mbio alifanya nini? Wakili atayahitaji hayo, kwa hiyo mwanao ayakumbuke angali yana joto, na asiyasimulie ovyo mahabusu. Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu kuomba. Mwambie amwombe hakimu wazi, kwa mdomo wake, iandikwe kwenye mwenendo.

Ila kinachonikera kwenye barua yako ni umri. Miaka 17 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Mtoto hakai mahabusu na watu wazima. Hapa Dar tuna mahabusu ya watoto Upanga. Mahakama ya Watoto ipo Kisutu. Na hata ikitokea ameshtakiwa pamoja na watu wazima, sheria hiyo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, miaka 30 haimhusu. Huko Birmingham, jimbo la Alabama, tangu 1995 walikuwa na mahakama ya bunduki ya vijana tu, na wazazi walilazimika kuhudhuria mafunzo pamoja na watoto wao. Hiyo ndiyo mahakama maalumu ambayo ningeikubali, na ya kwetu ya watoto tayari inakaribia hapo.

Shida ni kwamba polisi usiku ule waliandika umri kwa kumtazama, au yeye mwenyewe alisema 19 ili aonekane na leseni. Nimewaona wengi. Karatasi ya kwanza ikisema 19, kila karatasi inayofuata inanakili 19, mpaka mtu aje na ushahidi. Kwa hiyo kesho usiende Segerea, nenda RITA ukachukue cheti chake cha kuzaliwa. Kama hakuwahi kuandikishwa, tafuta kadi ya kliniki na barua ya shule ya msingi aliyosoma, halafu anza maombi ya cheti huku ukiwa na hizo. Toa nakala, halisi ubaki nazo mkononi. Siku ya tarehe fika mapema, mtafute karani wa hakimu huyo kabla mahakama haijakaa, mwambie una suala la umri wa mshtakiwa namba tatu, au namba yoyote aliyopewa. Kesi ikiitwa, simama, nyoosha mkono, na usikae chini mpaka hakimu akuulize unataka kusema nini.